"Maji yamezidi unga": maana na matumizi yake

Nahau "maji yamezidi unga" husikika kila siku redioni, mikutanoni na katika mazungumzo ya kawaida, lakini siku hizi wengi huipachika kwenye tatizo lolote, hata dogo, na kuipotezea makali yake. Maana yake ni hali kubadilika na kuwa mbaya kiasi cha kumshinda mhusika kwa uwezo alio nao wakati huo.

Asili ya picha hiyo ni jikoni. Msonga ugali huteleka maji kwa kukisia, huyaacha yachemke, hukoroga uji kwa unga kidogo, kisha huongeza unga huku akisonga kwa mwiko mpaka ushikamane. Maji yakiwa mengi, dawa ni kuongeza unga, na hapo hakuna aliyeshindwa. Taabu huanza anapokung'uta kopo na kukuta limekwisha, ilhali kilichomo sufuriani si uji tena wala hakijawa ugali. Kiini cha nahau kiko hapo hasa: si wingi wa maji peke yake, bali kukosekana kwa unga wa kuongeza. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyecheleweshewa malipo huku akiba ingalipo hajafikia hatua hiyo. Aliyemaliza akiba, akadaiwa kodi ya duka na kukosa wa kumkopesha, kwake maji yamezidi unga.

Kimuundo, nahau hii hupenda kiambishi -me-, kwa kuwa hutaja hali iliyokwisha kufika na ingalipo, ingawa katika masimulizi "maji yalipozidi unga, wazee waliitisha kikao" ni sahihi kabisa. Anayesema "maji yameuzidi unga" hakosei sarufi, ila kile kiambishi -u- humrudisha msikilizaji kwenye sufuria halisi, na nahau huvunjika.

Isichanganywe pia na methali "maji yakimwagika hayazoleki", ambayo huzungumzia jambo lililokwisha kutendeka na lisiloweza kurudishwa. Maji yaliyozidi unga bado yamo chomboni. Ndiyo maana atumiaye nahau hii mara nyingi huendelea kwa kuomba msaada, kama vile mpishi awezavyo kumtuma mtoto kwa jirani na bakuli, moto ukiwa bado unawaka.