Je, wajua kwa nini hupakwa jeli baridi tumboni kabla ya altrasaundi?

Shangazi yangu wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, aliandikiwa altrasaundi ya kizazi, akafanyiwe upande wa kisiwani. Aliambiwa neno moja tu: "Kunywa maji lita moja na usiende haja ndogo." Sababu hakupewa. Akayanywa yote nyumbani, akapanda matatu hadi kivukoni, akakuta watu wamejaa na feri ndiyo kwanza inang'oa ng'ambo. Alipofika kliniki alikuwa akitembea kwa hatua za kuhesabu. Jina lake halijaitwa, akashindwa, akaingia chooni.

"Mama, itabidi unywe tena," akaambiwa. Akarudi kwenye benchi. Zamu yake ilipofika, akalala chali, akapandisha dera, na kitu kama barafu kikamiminwa juu ya tumbo. Jioni alikuwa na maswali mawili: yale maji yalikuwa ya nini, na ile jeli ni dawa gani?

Jeli si dawa. Na maswali yale mawili yana jibu moja: hewa.

Manahodha wa zamani walipotaka kujua kina cha bahari walitupa bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kamba, kikagusa chini nao wakapima urefu wa kamba. Altrasaundi nayo hutupa bildi, ila bildi yake ni sauti. Hupeleka sauti mwilini, ikagonga kiungo, ikarudi kama mwangwi. Popo hufanya hivyo gizani, pomboo hufanya hivyo baharini. Mwilini sauti husafiri karibu mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo mashine ikijua mwangwi umechukua muda gani, imejua kitu kiko umbali gani. Kilicho sentimita 10 ndani, mwangwi wake hurudi kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu saba ya sekunde. Miangwi mingi kama hiyo ikipangwa pamoja ndiyo picha unayoiona kwenye kioo.

Sauti yenyewe huisikii. Sikio la binadamu hukomea mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na tumbo la mtu mzima hupimwa kwa mitetemo ya kati ya milioni 2 na milioni 5. Hakuna mionzi kama ya eksirei, ndiyo maana mama mjamzito hupimwa kwayo bila wasiwasi.

Sasa hiyo hewa. Aliyekulia karibu na bahari analijua jambo hili hata kama hajawahi kulifikiria. Ukipiga mbizi, mwenzako akikuita kutoka ufukweni humsikii, lakini injini ya boti iliyo mbali unaisikia kama iko kichwani mwako. Sauti iliyo majini hutembea vizuri majini, na iliyo hewani hutembea hewani. Kuvuka kutoka huku kwenda kule ndiko kunakoishinda. Ikifika mpakani, karibu yote hugeuka na kurudi ilikotoka. Mwili wetu sehemu kubwa ni maji. Basi kati ya kichwa cha mashine na ngozi yako, yenye mikunjo na vinyweleo, pakibaki utando wa hewa mwembamba kuliko karatasi, sauti haingii. Jeli huziba nafasi hiyo. Ni maji yaliyofanywa mazito ili yasichuruzike hadi kitandani, basi. Zamani walipaka mafuta, yakaharibu nguo za watu.

Nje hewa imefukuzwa; bado iliyo ndani. Utumbo una gesi, nao umelala juu ya kizazi. Kibofu kikijaa huusukuma pembeni, na chenyewe kikawa dirisha, kwa sababu sauti hupita kwenye mkojo bila kizuizi. Kwenye kioo kibofu huonekana cheusi tititi, na kizazi kiko nyuma yake. Lita moja ile ilikuwa ya kazi hiyo. (Kipimo kikifanywa kwa njia ya ukeni, mambo hugeuka: hapo huambiwa ukojoe kwanza.)

Kwa mfuko wa nyongo amri ni nyingine, ukae na njaa saa sita hadi nane. Hapa watu wengi huteleza. "Nimekula mahamri mawili tu na mbaazi, daktari." Lakini mbaazi zile zina tui, na mafuta yakishuka tumboni mfuko wa nyongo hujikamua na kusinyaa, mawe yaliyomo yakawa magumu kuonekana. Mfuko ukiwa umejaa, jiwe hung'aa jeupe na nyuma yake huanguka kivuli cheusi, kama mnazi juani.

Hewa hiyo hiyo ndiyo sababu ukiomba altrasaundi ikuonyeshe vidonda vya tumbo, daktari atakuelekeza kwenye kamera inayopitishwa mdomoni.

Asili ya kipimo hiki nayo inafaa kujulikana. Mwaka 1955 daktari Ian Donald wa Glasgow alibeba uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akaupeleka kwenye kiwanda cha mitambo ya mvuke kilichokuwa na mashine ya sauti ya kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Alitaka kuona kama nyama nayo itarudisha mwangwi. Ikarudisha. Mwaka 1958 yeye na wenzake walichapisha matokeo yao, akiwemo mwanamke aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika, kumbe ni uvimbe mkubwa wa maji kwenye ovari. Ukatolewa.

Shangazi nilimweleza yote haya tukimenya vitunguu. Akacheka, akasema, "Sasa si wangeniambia tu?" Maji huchukua kama saa moja kujaza kibofu, kwa hiyo siku hizi akiandikiwa tena hubeba chupa yake mkobani, haifungui mpaka feri imemteremsha kisiwani.