Je, wajua kwa nini 58,955,895 inagawanyika kwa 73?

Ukiwa Moshi huhitaji kuelezwa 5,895 ni nini: ni mita za Kilimanjaro. Iandike namba hiyo mara mbili mfululizo, upate 58,955,895. Igawe kwa 73: hakuna baki. Igawe kwa 137: hakuna baki pia. Na ukianza na namba nyingine yoyote ya tarakimu nne, mambo ni yaleyale.

Mlima hauhusiki. Kuandika namba ya tarakimu nne mara mbili ni kuizidisha kwa 10,000 kisha kuiongeza yenyewe, yaani kuizidisha kwa 10,001. Nayo 10,001 ni 73 × 137. Wengi hukosea wanapojaribu na tarakimu tatu: 895,895 ikigawanywa kwa 73 inabaki 39, kwa sababu hapo kizidisho ni 1,001, ambacho ni 7 × 11 × 13.

Faida yake huonekana unapotafuta vigawo tasa. Anayeishambulia 58,955,895 moja kwa moja anaweza kulazimika kujaribu namba tasa hadi kipeuo chake cha pili, kama 7,678. Wewe shughulika na 5,895 tu. Inaishia na 5, igawe kwa 5: 1,179. Jumla ya tarakimu zake ni 18, kwa hiyo igawe kwa 9: 131. Je, 131 ni tasa? Jaribu 2, 3, 5, 7 na 11, kisha acha, maana 13 × 13 ni 169, imeshaipita. Zote zinabakiza, basi ni tasa. Kwa hiyo:

58,955,895 = 3 × 3 × 5 × 73 × 131 × 137

Vigawo vyote ni vingapi? Usiviorodheshe. Kila kigawo hutokana na uchaguzi: ile 3 unaiacha, unaichukua mara moja au mara mbili, njia tatu; 5, 73, 131 na 137 kila moja unaichukua au unaiacha, njia mbili. 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 48, pamoja na 1 na namba yenyewe.

Hapa pana mtego. 5,895 ina vigawo 12, na 48 ni mara nne ya hivyo. Usizoee kusema "vigawo vya namba ya mwanzo mara nne". Kanuni hiyo huvunjika namba ya mwanzo ikiwa tayari inagawanyika kwa 73 au 137. Mfano 5,840 ni 73 × 80, hivyo 58,405,840 ina 73 mbili, na 73 hiyo ina njia tatu, si mbili.

Kipimo cha mwaka 1999 kiliupa mlima mita 5,892. Hiyo ni 2 × 2 × 3 × 491, na 58,925,892 nayo ina vigawo 48.