Ukiogopa daktari wa meno, usisubiri shavu livimbe

Wengi wanaofika kwetu kliniki ya kinywa na meno hapa Tanga huja jino likiwa limeshawatesa siku nyingi. Wamesukutua maji ya chumvi, wamebana karafuu kwenye tundu, wamemeza vidonge vya dukani, na shavu likianza kuvimba ndipo wanapanda daladala kutoka Pongwe au Makorora. Ukimuuliza mtu mbona umechelewa, atasema kazi, atasema nauli. Ukikaa naye kidogo atasema kweli: naogopa.

Wala si utoto. Wanaume wa shoka hutetemeka kwenye kile kiti. Mara nyingi chanzo ni jino lililong'olewa zamani, ganzi ikiwa haijashika, na hapo ndipo pa kuelewana.

Dawa ya ganzi tunayotumia sana, lidokaini, huzuia mshipa wa fahamu usipeleke maumivu kwenye ubongo, lakini lazima kwanza ipenye ndani ya mshipa huo. Jino likishatunga usaha, nyama zinazolizunguka huwa na asidi zaidi, na penye asidi dawa hupenya kwa shida. Ndiyo maana aliyesubiri hadi akavimba anaweza kuchomwa sindano mbili tatu na bado akaumia. Anarudi nyumbani akisimulia alivyoteswa, mtaa mzima unasikia, na jino jingine likianza atachelewa zaidi. Jino hilohilo lingeletwa lilipoanza kuuma kwa maji baridi, huenda lingezibwa tu.

Kama umeshavimba, njoo hivyohivyo. Daktari anaweza kuchoma ganzi mbali na uvimbe, au akatoa usaha kwanza. Uvimbe unaoshuka shingoni, au unaokuzuia kumeza au kupanua mdomo, ni dharura. Nenda hospitali usiku huohuo.

Ukiingia tu, sema unaogopa. Kuna dawa ya kupaka kwenye fizi kabla ya sindano, na sindano yenyewe ikisukumwa polepole haiumi kama ikisukumwa kwa haraka. Kubalianeni ishara: ukiinua mkono, kazi inasimama. Inua wa kushoto, kwa kuwa daktari kwa kawaida hukaa kulia kwako na hutataka kugonga vifaa vyake. Daktari asiyesimama ukiinua mkono, mimi ningemhama.

Baada ya sindano ya gego la chini, nusu ya mdomo na ulimi hufa ganzi, unajiona kama umevimba. Kama dakika kadhaa zimepita na mdomo bado unahisi kama kawaida, sema, usione haya. Ganzi ikishika, maumivu makali hayapo, ila kusukumwa utakusikia, na jino likitoka kwenye mfupa unaweza kusikia mlio mkubwa kichwani. Huo ni mlio tu, unapita kwenye mfupa hadi sikioni. Moyo nao unaweza kwenda mbio kidogo baada ya sindano kwa sababu ya adrenalini iliyochanganywa na dawa. Hutulia baada ya muda mfupi. Na ile harufu ya kliniki inayowatia watu kichefuchefu mlangoni? Mara nyingi ni yujenoli, mafuta yaleyale ya karafuu ya kwenye pilau, tunayochanganya kwenye dawa ya kuziba jino kwa muda.

Kula kabla ya kuja, isipokuwa umeambiwa ufunge. Njaa ikikutana na woga, watu huzimia. Usinywe pombe ya kujipa ujasiri wala vidonge vya usingizi vya kuazima kwa jirani. Taja ugonjwa wa moyo, presha, mimba, na dawa zozote unazotumia.

Watoto tunawaharibu wenyewe. “Ukilia nitakupeleka kwa daktari akung'oe meno,” mama anasema, kisha jino likiuma kweli anashangaa mtoto kang'ang'ania mlango. Mlete siku haumwi, apande kiti, ashike kioo kidogo cha kutazamia meno, arudi nyumbani bila kuguswa. Akilazimika kuchomwa ganzi, mwangalie hadi iishe, maana watoto hutafuna midomo yao bila kujijua.