Lugha katika karatasi ya mhusika

Kwenye meza ya mchezo wa kuigiza wahusika ninayoiongoza hapa Ngamiani, Tanga, usiku wa Jumamosi baada ya sala ya Isha, hakuna sehemu ya karatasi ya mhusika, ile ambayo mchezaji huandika uwezo wa mtu anayemwigiza, inayojazwa kwa haraka na kusahauliwa mapema kama ile ya lugha. Mchezaji atabishana nusu saa juu ya silaha za mhusika wake, lakini akifika penye lugha huandika mbili tatu zilizomo orodhani na kugeuza ukurasa. Siwalaumu wao peke yao, kwa kuwa mimi mwenyewe, kama mwendesha mchezo, yaani msimulizi na mwamuzi wa meza, kwa muda mrefu niliitumia lugha kama ufunguo wa mlango: anayeijua aingie, asiyeijua abaki nje.

Ndivyo zilivyo kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika toleo lake la tano mhusika ama anaijua lugha ama haijui, na karibu kila mtu anaijua ile lugha moja ya wote. (Matoleo ya kale yalikwenda mbali zaidi, yakaupa kila mwelekeo wa kimaadili lugha yake, hata ikawa waovu wana lugha yao na wema wana yao, sijapata kumweleza mchezaji mgeni jambo hilo asicheke.) Wapo wanaoidharau lugha ya wote wakisema ni uvivu wa watunzi. Mimi sioni hivyo, maana sisi ambao lugha yetu ilitoka pwani ikafika Ujiji pamoja na misafara hatuna sababu ya kuona ajabu kwamba watu wa makabila mengi wana lugha moja ya kuuziana. Kasoro ni kudhani kwamba wote wanaijua sawasawa. Mpagazi Mnyamwezi aliyeshuka Bagamoyo katika karne ya 19 angeweza kuwa na Kiswahili cha mzigo, maji, nguo za merikani na kaniki, na hongo, yaani ushuru wa kupita njia, akabishana bei bila kubabaika, na bado asiambulie kitu katika maneno ya wazee wanaoposa.

Michezo mingine imeliona hilo. Call of Cthulhu ya Sandy Petersen, iliyotoka mwaka 1981, hupima lugha kwa asilimia kama ujuzi mwingine wowote, na toleo la saba linatoa kipimo ambacho nimekibandika ukutani: mwenye asilimia 5 huitambua lugha anapoisikia, mwenye 10 hueleza mambo mepesi, mwenye 30 huelewa maombi ya kawaida ya biashara, mwenye 50 huzungumza bila shida, na mwenye 75 aweza kudhaniwa mzawa. GURPS, katika toleo la nne la mwaka 2004, ina ngazi tatu juu ya kutojua kabisa, yaani lugha ya kuvunjavunja, lugha yenye lafudhi ya kigeni na lugha ya mzawa, na inatenganisha kusema na kusoma, kila kimoja kikilipiwa alama zake kuanzia 1 hadi 3. Kwenye meza yangu nimechukua asilimia za mchezo wa kwanza na mtengano wa kusema na kusoma wa ule wa pili.

Vipimo, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya kazi. Nilipoanza kutumia asilimia nilirushisha dadu katika kila mazungumzo, na matokeo yake ni kwamba usiku mmoja ulikwisha huku tukinunua nazi na chumvi sokoni. Sasa dadu hurushwa pale tu ambapo kuelewa vibaya kutabadilisha jambo, na anayeshindwa simwambii kwamba hakuelewa. Namwambia alichodhani ameelewa.

Mfano ninaoupenda ulitokea katika kampeni, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi, tuliyoiweka Pangani, miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mchezaji mmoja alikuwa mhandisi Mjerumani mwenye Kiswahili cha asilimia 30, na nahodha wa jahazi alimwambia, "Tukutane hapa saa mbili usiku, maji yakijaa." Ahadi ile ilikuwa nzito kwa sababu jahazi lilibeba shahidi wao, kwa hiyo nikaomba dadu, na dadu zikaonyesha 71, juu ya 30 yake, yaani ameshindwa. Sikusema neno juu ya kushindwa. Nilimuuliza tu, "Saa yako ya mfukoni itakuwa inaonyesha ngapi utakapotoka nyumbani?" Akanitazama kidogo, kisha akashika kichwa, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mtoto wa Tanga na anajua vema kwamba mbili ya saa ya Mjerumani ni nane yetu. Akamwigiza mhandisi wake kwa uaminifu mpaka mwisho: alilala, akaamka usiku wa manane, akavaa buti na kufika pwani saa nane. Saa sita zilikuwa zimepita, maji yamekupwa, jahazi limetweka zamani, na ufukweni hapakuwa na mtu ila mbwa. Maneno yote aliyoambiwa aliyasikia sawa. Lililompotea ni hesabu ya saa inayoanza jua linapochomoza na kuanza upya linapotua.

Suala la mkalimani lina tabu ya namna nyingine. Kundi la wachezaji watano likiwa na mmoja tu anayejua Kigogo, mazungumzo yote na jumbe anayedai hongo huwa ya watu wawili, nao wanne wanaanza kuchezea simu. Dawa niliyoipata ni kumwandikia mkalimani kijikaratasi. Jumbe anasema, mimi naandika alichosema, mkalimani anasoma kimya na kuwaeleza wenzake kwa maneno yake. Wenzake hawaruhusiwi kukiona kijikaratasi. Tangu siku mkalimani wetu alipopunguza nguo mbili katika hongo iliyotajwa, ili zibaki kwake, hakuna tena anayesinzia wakati wa tafsiri.

Halafu uko ule uchawi wa daraja la kwanza katika Dungeons & Dragons, unaomwezesha mhusika kuelewa lugha yoyote kwa muda wa saa moja, ambao waendesha mchezo wengi wanaulalamikia kwamba unaua fumbo lote. Wangesoma kanuni polepole wangeona kwamba mhusika anapata uwezo wa kuelewa tu, wala hawezi kujibu, na kwamba anachoelewa ni maana ya maneno yenyewe. Kwa mtu aliyekulia penye vijembe vya kanga, hapo pana nafasi kubwa. Tatizo ni kwamba methali zetu wachezaji wangu wanazijua, hivyo nikiwapa "mkono mtupu haulambwi" hawatakwama hata kidogo. Inanibidi nitunge za kwangu. Ofisa wa forodha katika mji wa kubuni aliwahi kumwambia mchawi wetu, "Mlango wetu hula kabla ya kufunguka," na mchawi, ambaye uchawi wake ulimpa maneno hayo kwa ukamilifu, alitumia robo saa kukagua bawaba akitafuta meno, huku ofisa akiwa amekinga kiganja chake.

Lafudhi siirushii dadu kabisa, maana masikio ya wachezaji yanatosha. Mhusika anayejidai mtu wa Unguja nikimfanya aseme "ndia" badala ya njia, na baadaye kidogo "mato" badala ya macho, yupo mtu mezani atakayekohoa na kuuliza huyu bwana ametoka upande gani hasa wa kaskazini. Asipokohoa mtu, basi hawakumgundua, na mchezo unaendelea.

Kuhusu kusoma, michezo mingi huchukulia kwamba anayesema lugha anaisoma pia, na kwa kampeni za pwani dhana hiyo ni kosa kubwa kuliko yote niliyoyataja. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kuenea, kwa hiyo kijana aliyelelewa katika misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, angeweza kusoma Kiswahili vizuri na bado akashindwa kusoma barua ya Kiswahili. Katika karatasi zetu kila lugha sasa ina mistari miwili, kusema na kusoma, na penye kusoma huandikwa pia ni herufi zipi.

Mistari hiyo ilituponza mwaka jana, katika msafara wa kutoka Bagamoyo. Mhusika aliyesoma misheni ndiye aliyekuwa msomaji pekee wa kundi, na barua waliyoipora njiani ilikuwa ya herufi za Kiarabu. Waliibeba hivyo hivyo, wakikisia yaliyomo kila walipopiga kambi, hadi Tabora, ambako walimpata mfanyabiashara mpole aliyekubali kuwasomea bila malipo. Aliisoma yote kwa sauti ya utaratibu, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Wachezaji walikuwa wamekwisha mshukuru na kuaga ndipo mmoja wao alipouliza kwa nini katika barua nzima hakukutajwa jina la aliyeandikiwa.