CFA ni nini hasa? Hati ya mchambuzi wa fedha na uwekezaji

Mtu akikuambia "nasomea CFA", mara nyingi anamaanisha kwamba anajiandaa na mitihani. Wengi huielewa hivyo: kuna mitihani mitatu migumu, ukiifaulu unaongeza herufi tatu mwishoni mwa jina lako. Huo ni ukweli nusu. CFA ni hati ya kitaaluma anayopewa mtu aliyethibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba anajua kuchambua uwekezaji, kwamba amewahi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake, na kwamba amekubali kufungwa na kanuni za maadili ambazo akizivunja anaweza kunyang'anywa hati yenyewe. Jambo hili la tatu ndilo linalosahaulika sana, na kwa maoni yangu ndilo linaloipa hati hiyo thamani yake.

Jina kamili ni Chartered Financial Analyst, yaani mchambuzi wa fedha mwenye hati. Inatolewa na CFA Institute, chama cha wanataaluma wa uwekezaji chenye makao makuu mjini Charlottesville, jimbo la Virginia, Marekani. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1945 Benjamin Graham, mwekezaji mashuhuri aliyekuja kuwa mwalimu wa Warren Buffett, aliandika akitetea wachambuzi wa hisa wawe na kipimo chao cha kitaaluma. Daktari alikuwa na mitihani yake na mhasibu alikuwa na yake, lakini mtu aliyewashauri wengine wapeleke wapi akiba zao hakuwa na kipimo chochote cha kitaaluma cha kuonyesha. Mjadala ulichukua muda mrefu. Mtihani wa kwanza ulifanyika Juni 1963, na waliokaa kwenye chumba cha mtihani mwaka huo walikuwa 284. Leo mtihani unafanywa duniani kote, kwenye kompyuta, na kwa Kiingereza pekee.

Njia ina ngazi tatu, na huwezi kuruka hata moja. Masomo ni yaleyale kwa kiasi kikubwa: maadili, hesabu na takwimu, uchumi, usomaji wa taarifa za fedha za kampuni, hisa, hati fungani (yaani mkopo ambao kampuni au serikali huchukua kwa wawekezaji), mikataba ambayo thamani yake hutegemea bei ya kitu kingine, uwekezaji mbadala kama majengo na kampuni zisizo sokoni, na usimamizi wa uwekezaji wa mteja mmoja mmoja au taasisi. Kinachobadilika ni kile unachotakiwa kufanya na maarifa hayo. Njia rahisi ya kuliona hilo ni kuifuata hati fungani moja kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu.

Tuseme hati fungani ina thamani ya 1,000 itakayolipwa mwishoni, inalipa kuponi, yaani riba yake, ya asilimia 5 kila mwaka, na imebakiza miaka mitatu. Riba ya soko kwa hati za aina hiyo imepanda hadi asilimia 6. Je, bei yake leo ni kiasi gani? Unachukua 50 ya mwaka wa kwanza, 50 ya mwaka wa pili na 1,050 ya mwaka wa tatu, unazirudisha zote kwenye thamani ya leo kwa asilimia 6, unapata takriban 973. Bei imeshuka chini ya 1,000 kwa sababu hakuna atakayelipa thamani kamili kwa hati inayompa 50 wakati zilizo mpya zinampa 60. Hilo ndilo swali la ngazi ya kwanza. Maswali ni 180, yamegawanywa katika vipindi viwili vya saa mbili na robo kila kimoja, kila swali lina majibu matatu ya kuchagua, na una wastani wa sekunde 90 kwa swali. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata kama muda unakuishia. Kikokotoo cha kawaida hakiruhusiwi. Zinazokubalika ni aina mbili tu, BA II Plus ya Texas Instruments na 12C ya HP. Kizoee kabisa chako miezi kadhaa kabla ya mtihani, maana siku yenyewe vidole vinapaswa kujua njia bila kufikiri.

Ngazi ya pili haikuulizi bei kwa mkato namna hiyo. Inakupa habari ya ukurasa mmoja au zaidi: kampuni iliyotoa hati hiyo, mizania yake, madeni mengine iliyonayo, maneno ya mchambuzi mmoja anayedai kwamba bei ni ya kutupa na mwingine anayempinga. Kisha inakuuliza maswali kadhaa kuhusu habari hiyohiyo. Ndani yake kuna namba usizozihitaji, na kuna namba moja ndogo kwenye tanbihi inayobadilisha jibu lote. Hapa unapimwa kama unaweza kuthamini kitu chenye utata halisi, na watu wengi waliopita ngazi zote husema hii ndiyo iliyowatoa jasho.

Ngazi ya tatu inamleta mtu. Chukulia mjane wa miaka 62 ambaye fedha zake zote ziko kwenye hati fungani za miaka ishirini. Anaishi kwa kuponi, na ndani ya mwaka mmoja na nusu anahitaji kiasi kikubwa cha kulipia matibabu. Hati ya miaka ishirini yenye kuponi ileile ya asilimia 5, riba ikipanda hadi asilimia 6, haishuki hadi 973 bali hadi karibu 885. Yaani kupanda kwa riba kunakomgharimu mwenye hati ya miaka mitatu chini ya 30 kunamgharimu huyu mama zaidi ya 110 kwa kila 1,000, na atalazimika kuuza kabla hati hazijaiva. Utamshauri nini, na kwa nini? Sehemu ya mtihani huu haina majibu ya kuchagua. Unaandika mwenyewe, kwa ufupi, ukitaja hali ya mteja na sababu ya ushauri wako. Tangu 2025 mtahiniwa wa ngazi hii huchagua pia mkondo mmoja kati ya mitatu: usimamizi wa uwekezaji kwa jumla, utajiri wa watu binafsi, au masoko binafsi, yaani uwekezaji usiouzwa kwenye soko la hisa.

Ukiitazama safari hiyo utaona ilivyopangwa: kukokotoa, kisha kuthamini, kisha kumhudumia mtu. Anayesoma ngazi ya kwanza kwa kukariri fomula tu hukwama baadaye, kwa sababu fomula zote zilikuwa zikimwandaa kukutana na huyo mjane.

Tuje kwenye maadili. Somo hili lipo katika ngazi zote tatu, na katika ngazi ya kwanza peke yake huchukua kati ya asilimia 15 na 20 ya mtihani. Watahiniwa wengi hulidharau wakidhani ni suala la kuwa mtu mwema, na kwamba mtu mwema atajua jibu. Sivyo. Fikiria mchambuzi anayeandaa ripoti kuhusu kampuni fulani. Kampuni hiyo inamwalika akakague kiwanda chake, na inajitolea kumlipia tiketi ya ndege na hoteli ya kifahari. Wenzake wote hulipiwa. Hana nia yoyote ya kuipendelea. Je, akubali? Akubali lakini atamke wazi ndani ya ripoti? Au ajilipie? Mwongozo unamwelekeza ajilipie usafiri wa kawaida na malazi, ili uhuru wa maoni yake usitiliwe shaka. Zawadi ndogo ya heshima si tatizo. Kugharamiwa safari nzima na yule unayemchambua ni tatizo, hata kama moyo wako ni safi.

Au hili: meneja wa fedha za wateja anaamua kununua hisa za kampuni kwa ajili yao, naye pia anazitaka kwa akaunti yake. Nani ananunua kwanza? Wateja, kisha mwajiri, yeye mwisho. Je, akisikia kwa bahati mbaya, kwenye lifti, kwamba kampuni fulani inanunuliwa wiki ijayo? Hakuiba habari wala hakuitafuta. Hata hivyo hawezi kuitumia, wala kumnong'oneza mteja, kwa sababu habari hiyo ina uzito wa kusogeza bei na umma haijaipata. Haya si mambo ya kubahatisha kwa hisia. Yana mantiki yake, na mantiki hiyo inaanzia sehemu moja: fedha unazozishika si zako.

Ukifaulu ngazi zote tatu bado huna hati. Unatakiwa kuwa na saa 4,000 za kazi inayohusiana na maamuzi ya uwekezaji, zilizokusanywa ndani ya miezi isiyopungua 36. Zinaweza kuwa za kabla ya mitihani, wakati wa mitihani au baada yake. Si lazima uwe meneja wa mfuko wa pensheni. Mchambuzi wa mikopo, mtu wa kitengo cha vihatarishi au mwalimu wa masomo haya anaweza kuhesabiwa, mradi kazi yake ichangie kwenye maamuzi ya uwekezaji. Kisha watu wanaoijua kazi yako wanakutolea ushuhuda, unaomba uanachama, na hapo ndipo herufi zinakuwa zako. Hakuna kitu kinachoitwa "CFA ngazi ya pili" cha kuandika baada ya jina. Unaweza kusema ukweli kwamba umefaulu ngazi ya pili, basi.

Kuhusu kuanza: unahitaji shahada ya kwanza, au uwe unaikaribia kuimaliza, au uwe na uzoefu wa kazi unaokubalika badala yake. Unahitaji pasipoti ambayo haijaisha muda, na jambo hili linaweza kumkwamisha anayelikumbuka akiwa amechelewa. Ada ni ya dola na ni nzito. Anayejisajili mapema hulipa pungufu. Siku hizi kuna pia moduli fupi ya vitendo ya kumaliza katika kila ngazi, kwa mfano kujenga modeli ya fedha kwenye lahajedwali.

Gharama kubwa kuliko zote ni muda. CFA Institute yenyewe hushauri saa 300 hivi kwa kila ngazi. Mtu mwenye kazi ya kutwa akiweza saa 12 kwa wiki, hizo ni wiki 25, karibu nusu mwaka, kwa ngazi moja, na hapo hajaugua wala hajapata dharura ya familia. Kufeli ni jambo la kawaida. Julai 2021 waliofaulu ngazi ya kwanza walikuwa asilimia 22 tu, na hata katika misimu ya kawaida zaidi ya nusu ya watahiniwa wa ngazi hiyo hawafaulu. Kila mtu ana nafasi sita kwa kila ngazi. Ndiyo maana huwa nasisitiza mtu aizungumzie safari hii na watu wa nyumbani kwake kabla ya kulipa ada, kwa sababu jioni na mwisho wa wiki zitakazoliwa ni zao pia.

Na kuna swali la kujiuliza kabla ya hayo yote: unataka kazi gani? Kama unataka ukaguzi wa hesabu, kuandaa taarifa za fedha au kodi, njia yako ni uhasibu, yaani ACCA au CPA, na CFA itakupitisha pembeni. Kama kazi yako ni kupima na kudhibiti vihatarishi ndani ya benki, FRM, hati ya wasimamizi wa vihatarishi vya fedha, ni fupi zaidi, ina sehemu mbili, na inazama zaidi katika jambo hilo moja. Anayetaka kukaa na familia akazipangia bajeti, bima na kustaafu ataikuta CFP, hati ya wapangaji wa fedha za watu binafsi, ikiwa karibu zaidi na kazi yake. CFA ni ya mtu anayetaka kuamua, au kuwasaidia wengine kuamua, fedha ziwekwe wapi na kwa bei gani. Tena si leseni. Katika nchi nyingi, anayetaka kushauri umma au kuwa dalali wa hisa bado ataomba kibali kwa mdhibiti wa masoko ya mitaji, ingawa baadhi ya wadhibiti huwapunguzia mitihani wale waliokwisha kufaulu ngazi za CFA.

Hati ikishapatikana, inatunzwa. Kila mwaka mwenye nayo hulipa ada ya uanachama na kujaza tamko la mwenendo wake, akieleza kama kuna malalamiko, kesi au uchunguzi unaomhusu katika kazi yake. Asipofanya hivyo, anapoteza haki ya kutumia herufi hizo hata kama mitihani aliifaulu kwa alama za juu. Anayekutwa na kosa zito husimamishwa au kuvuliwa hati, na adhabu hizo hutangazwa hadharani. Kwa hiyo mteja anayeletewa kadi yenye herufi CFA na mtu anayetaka kushika akiba yake hana haja ya kuamini kadi. Atafute jina hilo kwenye orodha ya wanachama ya CFA Institute, aone kama uanachama uko hai, na aangalie pia kama jina hilo limo kati ya waliopewa adhabu.