Usanifu endelevu: maana yake kwa mwanafunzi anayechorea pwani ya kusini

Usanifu endelevu ni namna ya kusanifu majengo inayomtaka msanifu awajibike kwa jengo tangu malighafi yake inapochimbwa hadi siku kuta zitakapobomolewa, na pia kwa watu wote watakaobeba gharama za maamuzi yake, wakiwamo ambao bado hawajazaliwa. Msingi wake ni ripoti ya mwaka 1987 ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, ambayo ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Maelezo hayo ni mapana mno kumsaidia mtu aliyeshika penseli. Kwa msanifu majengo lazima yageuke kuwa maswali: jengo litatumia nishati kiasi gani, maji yake yatatoka wapi, vifaa vimegharimu nini kabla ya kufika kiwanjani, na fundi gani ataweza kulikarabati.

Ugumu wa kufundisha dhana hii chuoni ni kwamba mara nyingi hutengewa kipindi chake peke yake, mbali na studio, yaani darasa la kuchora majengo. Mwanafunzi hufaulu mtihani wa nadharia, kisha hurudi studio na kuchora jengo la vioo linalotegemea kiyoyozi, na usiku wa kuamkia siku ya kukutana na jopo linalopima michoro huongeza paneli za umeme wa jua juu ya paa. Maamuzi yenye uzito zaidi, yaani mwelekeo wa jengo, upana wake na nafasi ya madirisha, hufanywa katika wiki ya kwanza ya kuchora, na mengi kati yake hayamgharimu mwenye jengo hata shilingi. Kwa maoni yangu, somo ambalo halimfikii mwanafunzi katika wiki hiyo limechelewa.

Tuchukulie mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyepewa kazi ya kusanifu zahanati Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, pwani ya kusini ya Tanzania. Jambo la kwanza analopaswa kulijua ni jua. Mtwara ipo takriban digrii 10 kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu na tarehe 20 Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na katika miezi iliyobaki huhamia kusini, likiwa karibu na utosini. Vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi za kaskazini mwa dunia, na hushauri madirisha makubwa yaelekee kusini ili jua la majira ya baridi liingie ndani. Anayenakili ushauri huo Naliendele anatatua tatizo ambalo hakuna mgonjwa wala muuguzi wa huko aliye nalo. Mwezi Juni jua la adhuhuri hapa husimama kwenye pembe ya digrii 56 hivi kutoka upeo wa macho, na upenu, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta, wenye urefu wa mita 1 hutia kivuli karibu mita 1.5 ya ukuta wa kaskazini. Kuta za mashariki na magharibi ni habari nyingine, kwa kuwa asubuhi na alasiri jua huwa chini na hupenya chini ya upenu wowote. Huko ukuta uzibwe, au upandwe mwembe.

Jua likishasomwa hivyo, jengo hujipanga lenyewe: jembamba, refu kutoka mashariki hadi magharibi, na kuta zake ndefu zikitazama kaskazini na kusini. Upepo nao unaafikiana na mpango huo. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na yote miwili hugonga kuta ndefu kwa mshazari, kwa hiyo chumba chenye madirisha pande mbili hupitisha hewa mwaka mzima, ilimradi msanifu hakuweka korido katikati na vyumba pande zote mbili kama hoteli.

Hapa ndipo penye utamu wa somo, kwa sababu mahitaji huanza kugongana. Upenu mpana ni mzuri kwa kivuli na kwa kuzikinga kuta na mvua, lakini ndio unaoupa upepo mkali mahali pa kushika na kung'oa paa. Pwani hii si salama dhidi ya vimbunga kama wengi wanavyodhani: Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa na mafuriko katika mkoa huohuo. Mwanafunzi hawezi kuchagua kivuli na kusahau upepo. Suluhisho moja ni kutenganisha paa la baraza na paa kuu, kila moja likiwa na kenchi zake, yaani fremu zinazolibeba, ili baraza likichukuliwa lisiondoke na nyumba nzima. Na kenchi za paa kuu zifungwe kwa nondo hadi kwenye linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha, badala ya kushikwa kwa misumari tu. Mchoro wa mkato, yaani wa jengo kana kwamba limekatwa wima, unaoonyesha kifungo hicho kimoja unanieleza zaidi kuhusu uendelevu kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Maji yanahitaji hesabu tu. Mtwara hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, jumla ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 200 hupokea lita 200,000, na baada ya kuondoa zinazopotea hubaki kama lita 160,000. Tatizo ni kwamba maji hayo hufika kwa mkupuo, kisha kiangazi hudumu miezi sita au saba. Zahanati inayotumia lita 400 kwa siku inahitaji tangi la lita 80,000 hivi, na tangi la ukubwa huo lazima lipangwe pamoja na msingi. Wakazi wa uwanda wa Makonde, huko Newala na Tandahimba, ambako maji ya juu ya ardhi ni haba sana, hawahitaji kufundishwa haya.

Kuhusu vifaa, somo linapaswa kuwa na ukali kidogo. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilichozinduliwa Mtwara mwaka 2015 kimefupisha safari ya mfuko wa saruji hadi kiwanjani, lakini sehemu kubwa ya kaboni ya saruji, yaani gesi inayopasha dunia joto, haitokani na lori. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikichomwa tanuruni hutoa kilo 44 za kaboni dayoksaidi kutoka ndani ya mawe yenyewe, bila kuhesabu moto uliotumika. Jibu si kuikataa saruji, bali kuiweka panapohitajika, kama kwenye msingi na linta, na kujenga kuta kwa matofali ya udongo ya kufungamana, ambayo hushindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo, hayachomwi kwa kuni na yanahitaji udongo wa kuunganishia kidogo sana.

Wapo wanaodhani kwamba jibu ni kurudi kwenye ujenzi wa kale wa Mikindani na Kilwa Kisiwani: kuta nene za matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, vyumba vyenye upana usiozidi urefu wa boriti. Majengo hayo yafaa kupimwa na kuchorwa na kila mwanafunzi, na yafundishe pia kwamba kuyapiga plasta ya saruji huzuia ukuta wa chokaa usipumue na hatimaye huuharibu. Hata hivyo, chokaa ile ilichomwa kwa magogo mengi, na mikoko ya leo haiwezi kubeba mahitaji ya mji unaokua. Cha kuchukua ni unene wa ukuta, kivuli cha baraza na uchochoro unaopitisha upepo. Vifaa vyenyewe vibaki katika magofu.

Alama nazo zifuate mantiki hiyo. Jopo liombe mchoro wa kivuli wa Juni na wa Desemba, hesabu ya tangi, idadi ya mifuko ya saruji, na jina la kifaa ambacho fundi wa Mtwara hatakipata dukani kikiharibika. Mwanafunzi ambaye paneli zake za jua ziko juu ya paa lisilo na upenu arudishwe kwenye meza yake ya kuchorea.