Je, wajua kwamba "kufika" kwa Kifaransa kulianzia ufuoni?

Ukiingia kituo kikubwa cha treni mjini Paris utakuta ubao umeandikwa Arrivées, yaani treni zinazofika. Neno hilo limetoka kwenye kitenzi arriver, "kufika", ambacho mwanafunzi wa Kifaransa hukutana nacho mapema kabisa. Chimbuko lake ni chombo kinachosogea ufuoni.

Warumi walikuwa na neno ripa, ukingo wa mto au ufuo. Katika Kilatini cha watu wa kawaida liliungwa na ad, "hadi", likazaa arripare: kufika ufuoni. Kinywani mwa Wafaransa ile p iliyokaa katikati ya irabu ililegea ikawa v. Hivyo ripa ikawa rive, na saponem ikawa savon, ile sabuni ambayo sisi tuliipokea kwa mkono wa Waarabu.

Katika Kifaransa cha kale, aliyesema ariver alimaanisha chombo kimefika nchi kavu. Polepole maji yakasahaulika, na msafiri wa farasi naye "akafika ufuoni" mlangoni pa mwenyeji wake. Baadaye hata mambo yakaanza kufika: Qu'est-ce qui t'arrive? Mswahili hahitaji kufafanuliwa hapo, maana naye huuliza, "Limekufika jambo gani?"

Kinachonivutia zaidi ni majirani. Kihispania husema llegar, "kufika", kutokana na plicare, "kukunja". Wengi hueleza kuwa ni mabaharia waliokunja matanga wakiingia bandarini. Waromania wamerithi kitenzi hichohicho, a pleca, lakini kwao ni "kuondoka"! Huko husemwa kwamba kilichokunjwa ni mahema ya askari wakati wa kung'oa kambi. Tendo ni lilelile la kukunja, ila mmoja ndiyo kwanza amefika na mwenzake anaaga.

Nasi pwani tunalo la kwetu. Kuabiri, kwa asili ya Kiarabu ya "kuvuka", ni kusafiri kwa chombo majini, na msafiri wake ndiye abiria. Siku hizi kondakta wa daladala huwaita abiria watu waliopanda Kariakoo wakashukia Ubungo, bila kukanyaga tone la maji ya bahari.